Bi Barka Amfuata Somo Wake

Bi Barka wa Faza hana wivu. Muulize mwenyewe. Atakwambia, huku akipepeta mchele, kwamba tangu azaliwe hajamwonea mtu kijicho. Yeye anaona tu. Anaona kwamba jirani kabadilisha mapazia na yale ya zamani hayajachanika. Anaona kwamba wifi yake akipika biriani lazima nusu ya mji ijue. Anaona, anataja, basi. Kama kutaja ni wivu, anasema, basi hata redio ina wivu.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye Bi Barka hawezi kumtaja na mchele ukabaki kwenye ungo. Mtu huyo ni Bi Razan wa Pate, mama mkwe wa mwanawe.

Mwanawe ni Jeilani, fundi wa injini za boti, mtoto wake wa pekee. Faza nzima inamjua kwa jina la Babu, kwa sababu ndivyo mama yake alivyomwita tangu akinyonya. Alipomwoa Sundus, binti wa Bi Razan, alihamia Pate. Ndiyo desturi ya visiwa vyetu: msichana hujengewa nyumba na wazazi wake, na bwana harusi huingia humo na sanduku lake la nguo. Bi Barka aliijua desturi hiyo vizuri. Marehemu mumewe naye aliingia hivyo hivyo katika nyumba ya Bi Barka, na siku ile mama mkwe wake alipolia, Bi Barka aliona ni uchuro tu. Zamu yake ilipofika alilia kwa sauti kubwa zaidi, na hakuona uchuro wowote.

Kisha akazaliwa mjukuu, msichana, akapewa jina la Barka. Mtu na mwenye jina lake huitana somo, na somo mkubwa ana haki zake: humpa mwenziwe nguo, humtia hina, humdekeza hadi watu wamseme. Siku ile ya kutaja jina Bi Barka aligawa halua mpaka kwa watu aliokuwa hasemi nao. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipofanya hesabu moja ndogo. Jina lilikuwa lake, lakini mtoto alilala chini ya paa la Razan. Razan ndiye aliyemwogesha. Razan ndiye aliyemchana nywele. Mtoto alipoota jino, Razan ndiye aliyeliona kwanza, kisha akapiga simu Faza kutoa habari, kwa ile sauti yake ya asali. Bi Barka alisema alhamdulillahi, akakata simu, akawa hali chakula siku nzima.

Mtoto alikuwa sasa wa kwenda chekechea, na hajalala Faza hata usiku mmoja. Kila sikukuu aliletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Mara hii Bi Barka alimbana Jeilani kwenye simu mpaka akaahidi: shule zikifungwa mwezi wa Agosti, mama yake aje amchukue mtoto, akae naye hadi shule zifunguliwe. Bi Barka alinunua chandarua kipya chenye maua, akasogeza kitanda kidogo ubavuni pa chake. Akampa fundi cherehani kitambaa cha waridi amshonee mtoto gauni, akimwonyesha urefu kwa kiganja chake: "Hapa mpaka hapa." Kisha akatangazia mtaa kwamba anakwenda kumtwaa somo wake.

Dereva alikuwa Mahir, mtoto wa kaka yake, mwanamume mwenye mke na watoto, anayeendesha bodaboda pale Faza. Bi Barka hapandi pikipiki ya mtu mwingine. Mahir ni damu yake, kwa hiyo anaweza kumshika kiuno bila mtu kufungua mdomo. Naye hukaa kiume, miguu huku na huku, na suruali ya marehemu mumewe ndani ya buibui, na asiyependa asiangalie.

"Twende mwendo wa harusi," alimwamuru. "Sitaki kufika nimejaa vumbi. Na watu wanione."

"Shangazi, mafuta nayo yanaona," Mahir alisema, lakini akaenda mwendo wa harusi. Kuku wa zawadi alining'inia kwenye usukani, miguu imefungwa. Kikapu chenye mikate ya mofa na lile gauni kilikaa mapajani pa Bi Barka.

Asubuhi ilikuwa nzuri, hata mtu mwenye donge moyoni angelikiri. Waliiacha mikoko nyuma, njia ikapanda kidogo, ikaingia kwenye minazi na mashamba ya simsim. Ng'ombe walisimama katikati ya njia wakitafuna, na Mahir akawazunguka taratibu, akiwapigia honi ndogo ya adabu. Punda wawili walikuja na mizigo ya makuti, na mwenye punda akatoa salamu ndefu, ya mwendo, mpaka wakapotezana wakiwa bado wanaitikiana. Bi Barka alivuta hewa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alihisi kwamba anakwenda mahali kwa haki yake.

Tundwa walisimamishwa na wanawake waliokuwa wakiteka maji.

"Bi Barka! Ndia hiyo yaenda wapi yeo?"

"Pate. Namtwaa somo wangu. Namweka kwangu hadi shule zifunguliwe."

"Mashallah! Na Bi Razan amekubali kumwata?"

Bi Barka alitabasamu kwa meno. "Akubali nini? Mtoto ni wangu."

Walipoondoka akawa akilizungusha neno "amekubali" kichwani. Tangu lini mtu akaombwa ruhusa ya jina lake mwenyewe?

Siyu Mahir alisimama kwa fundi viatu, ndara yake moja imekatika ukanda. Bi Barka akapata nafasi ya kuingia kwa Bi Mardhiya, rafiki yake wa tangu chuoni walipokuwa wakisoma Kurani pamoja. Bi Mardhiya hukaa kibarazani na hakuna kinachopita Siyu asikijue. Alimpa kahawa na tende, akamsikiliza habari ya chandarua na kitanda, akapiga makofi ya furaha.

"Nimewaona hapa juzi, harusini kwa kina Wazir," alisema. "Bi Razan na Bimkubwa wake. Mtoto hakushuka mapajani pake usiku kucha. Anacheza, anarudi papo hapo. Tulicheka!"

Kikombe cha Bi Barka kilisimama hewani. "Bimkubwa gani?"

"Huyo mjukuu wenu. Si ndivyo wamwitavyo? Bimkubwa huku, Bimkubwa kule. Mimi nilidhani wajua."

Bi Barka hakujua. Mbele yake siku zote walimwita mtoto "somo wako": somo wako kalala, somo wako akusalimu. Kumbe nyuma yake walikuwa na jina jingine! Na jina lenyewe ni hilo! Bi mkubwa wa nyumba ile ni nani kama si Razan? Ndiye mwenye funguo, ndiye akohoaye watu wakanyamaza. Basi amemvua mtoto jina la mwenziwe akamvisha cheo chake, huku akipiga simu na sauti ya asali. Alimaliza kahawa kwa funda moja, ikamchoma ulimi, na hilo nalo akaliandika kwa Razan.

"Mahir! Tia moto!"

"Ulisema mwendo wa harusi."

"Harusi imevunjika. Nenda!"

Mahir alikwenda. Baada ya Siyu njia ni mchanga mahali na mawe mahali, na pikipiki ilikuwa mara inateleza mara inaruka. Kuku alipiga kelele za kuomba msaada. Bi Barka alizungumza njia nzima, juu ya mlio wa injini, na Mahir akaitikia "ndiyo, Shangazi" bila kusikia zaidi ya nusu. Aliyoyasikia yalimtosha. Kwamba yeye ndiye aliyemzaa mwanawe kwa uchungu wa siku nzima. Kwamba mwanamke akikosa haya hata jina la mtoto hulila. Kwamba wengine wamejaliwa binti, wakakusanya wakwe na wajukuu chini ya paa moja, na wengine wakajaliwa mvulana mmoja tu, wakaambiwa desturi. "Mimi naona wivu, Mahir!" alipiga kelele ghafla, walipokuwa wakipita kati ya minazi. "Naona wivu, na nina haki!"

Mahir alilisikia hilo barabara. Akapiga honi, ingawa njiani hapakuwa na mtu.

Pate vichochoro ni vyembamba, pikipiki huachwa nje ya mji. Walikwenda kwa miguu, Mahir kabeba kuku. Bi Razan alikuwa mlangoni, mwembamba, kanga mabegani, uso umefunguka.

"Karibu, Bi Barka! Karibu muyini! Umekuya na jua hili! Pita ndani, mai haya hapa."

Bi Barka alipokea maji, akanywa, hakushukuru. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la Razan. Mtoto alikuwa uani, amechuchumaa, anapanga vifuu vya nazi. Kumbe alikuwa mrefu hivyo! Miguu imemtoka, nywele zimesukwa vizuri mno.

"Barka!" aliita.

Mtoto hakugeuka.

"Ewe Barka! Somo wangu!"

Hakugeuka. Alipachika kifuu juu ya kifuu. Ndipo Bi Razan akasema, bila hata kupaza sauti, "Bimkubwa, ndoo umuamkie bibi yako wa Faza." Na mtoto akainuka mara moja, akaja mbio.

Bi Barka aliyasikia maneno yote mawili. Bimkubwa, hilo moja. La pili, "bibi yako wa Faza". Bibi wa hapa hana haja ya kutajiwa mji. Anayetajiwa mji ni mgeni.

Mtoto alimbusu mkono kwa adabu, akarudi nyuma hatua moja, mpaka akagusa kanga ya Bi Razan. Bi Barka alitoa gauni la waridi, akamvalisha pale pale juu ya nguo nyingine. Lilimfika juu ya magoti. Kwapani lilibana. Alikuwa amempima kwa kiganja mtoto wa mwaka uliopita. Sundus, aliyekuwa ametoka jikoni kumwamkia mama mkwe wake, alisema haraka kwamba rangi imempendeza. Bi Razan alishika pindo akalichungulia. "Lina akiba ya kitambaa ndani," alisema kwa upole. "Tutalishusha, litamtosha hata mwakani."

Upole huo ndio uliopasua jipu.

"Tutalishusha!" Bi Barka alisema. "Wewe na nani? Kila kitu changu chahitaji kushushwa na wewe! Jina nimempa mimi, nimegawa halua watu wameshuhudia, leo namwita mtoto hageuki! Jina langu lina nini, Bi Razan? Lina upele? Lawawasha ulimi? Mmelizika, mkamvisha jina lako wewe, bi mkubwa wa nyumba! Si utoke useme mtoto ni wako? Si useme? Mwanangu umemtwaa nikanyamaza, akanenepa kwa chakula chako nikanyamaza, na jina nalo?"

Sundus aliinamisha kichwa. Mtoto alitumbua macho. Jeilani alikuwa nje akifungua injini ya mtu, na kelele zikamfikia. Bi Barka alimwona kizingitini, mikono imejaa grisi, na kumwona huko kulimzidishia machungu.

"Babu!" alimwita kwa sauti ya kulia. "Babu, ndoo usikize! Muulize mkeo, kwa nini hamwiti mtoto wangu jina lake! Babu, niambie wewe!"

Kuku tu ndiye aliyesema neno.

"Bi Barka," Bi Razan aliuliza taratibu, "huyo wamwita nani?"

"Namwita mwanangu!"

"Jina lake nani?"

Bi Barka alifungua mdomo, na mdomo ukakataa. Ulikuwa unakataa tangu alipomzaa. Jeilani lilikuwa jina la baba mkwe wake, mzee mkali wa Faza, Mungu amrehemu. Mtoto alipopewa jina hilo, Bi Barka, kama mke yeyote mwenye adabu, hakuthubutu kulitamka, wala kumgombeza mtoto kwalo, wala kuliita kwa sauti uani kama anaita mbuzi. Akamwita Babu. Jirani wakafuata, mji ukafuata. Mzee alikufa, mtoto akaota ndevu, na Bi Barka bado hakuwa amelitamka hata mara moja. Na huyu hapa Sundus, mke wa mwanawe, amepewa mtoto mwenye jina la mama mkwe wake. Alitaka asemeje? "Barka, shika adabu"? "Barka, umekojoa tena"?

Sundus alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, na mabega yalikuwa yakitikisika. Bi Razan hakucheka, na kwa hilo Bi Barka alimshukuru baadaye, ingawa hakumwambia.

"Kwa hiyo Bimkubwa..." Bi Barka alianza.

"Ni wewe. Mimi ni bi mkubwa wa nani? Binti yangu mwenyewe hanisikii."

Jeilani akaangua kicheko, Sundus akashindwa kujizuia, na Mahir akatoka nje kwa kisingizio cha kuitazama pikipiki. Bi Barka alikaa kwenye mkeka. Alitaka kuona haya, lakini lililokuja kwanza lilikuwa furaha: kwa miaka yote hii, kila siku, tangu alfajiri, nyumba nzima ya Razan ilikuwa ikimtaja yeye kwa heshima, mpaka wakati wa kumlisha mtoto uji. Walikula wali kwa papa, Bi Barka akausifu mchuzi, jambo ambalo Jeilani alilisimulia wiki nzima.

Wivu ulikaa pembeni mpaka alasiri. Mfuko wa mtoto ukafungwa. Hapo ndipo mtoto alipoelewa kwamba safari ni ya kweli. Hakupiga kelele. Alikwenda akaishika kanga ya Bi Razan kwa mikono miwili, akajifunika uso.

"Sendi," alisema kutoka ndani ya kanga. "Naenda na Bibi. Bila Bibi sendi."

Jeilani alimkemea. Sundus alimbembeleza kwa peremende. Bi Razan alijaribu kumbandua vidole kimoja kimoja, na kila alichokibandua kilirudi. "Atazoea tu," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepasuka, na Bi Barka akaona kwamba huyu naye ataketi uani leo na vifuu vya nazi, peke yake. Alipaswa kufurahi. Alikuwa ameiombea siku hiyo, kwa maneno karibu na hayo hayo.

Angeweza kumnyanyua mtoto akilia akaenda naye. Haki alikuwa nayo, na ahadi ya baba yake. Alifikiria kitanda kidogo na chandarua chenye maua, na mtoto ndani yake akilia akimtaka mtu mwingine.

"Bi Razan," alisema, na maneno yakamtoka kwa kukwaruza, "twaa buibui yako. Twende sote. Kaa kwangu siku mbili tatu, mpaka anizoee."

Bi Razan akaingia ndani, akatoka na buibui yake.

Pale nje ya mji, penye pikipiki, ikabidi wapangane. Bi Razan hana undugu na Mahir, hawezi kukaa mgongoni pake. Bi Barka, shangazi mtu, ndiye wa kukaa hapo. Mtoto akae kati, salama. Bi Razan akae nyuma kabisa, amkumbatie mtoto asianguke. Hapakuwa na namna nyingine, na Bi Barka mwenyewe ndiye aliyeupanga mpango huo kwa sauti, akimnyooshea kila mtu kidole. Alipokwisha kupanda ndipo alipoona alivyojipanga. Yeye alikuwa na mgongo wa Mahir. Kifua, mikono na kichwa cha mtoto vilikuwa vya mwenziwe.

Walikwenda. Jua lilikuwa limelegea, simsim ilitoa harufu yake, na kwa muda mtoto aliuliza maswali: ng'ombe huyu wa nani, Faza kuna vifuu, kuku atarudi na nani. Bi Barka aliyajibu yote akiwa amegeuza shingo mpaka ikamuuma. Walipoipita Siyu, maswali yakakoma.

"Kalala?" Bi Barka aliuliza bila kugeuka.

"Kalala," alisema Bi Razan.

"Kaegemea wapi?"

Pikipiki iliruka jiwe, ikatulia.

"Kwako, Bi Barka. Kakuegemea wewe."

Upepo ulikuwa ukipita mgongoni pa Bi Barka kutoka bega hadi bega, ukiipeperusha buibui yake, wala hakuna kitu kilichouzuia.

"Alhamdulillahi," alisema. Akamwambia Mahir apunguze mwendo. Akakaa wima, hatikisiki, mpaka Faza, asije akamwamsha mtoto aliyelala kifuani pa mwenziwe.